Doti sita za khanga kutoka Mtaa wa Kongo

Duka lenyewe lipo Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na silitaji jina kwa kuwa ninayoyalalamikia yanawahusu majirani zake vilevile. Nilifuata doti sita za khanga za sare ya shughuli, na kwa upande wa mzigo sina neno: khanga zimepangwa hadi darini, za India zikitengwa na za hapa nchini, na kijana muuzaji, baada ya kuniamkia, alizikunjua moja baada ya nyingine bila kununa, akanisomea jina la kila moja.

Kwa mtu wa umri wangu, kuchagua kwenyewe ni starehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mzigo ulipofika duka la ushirika la mtaani kwetu kutoka RTC, yaani kampuni ya biashara ya mkoa, tulipanga foleni tangu alfajiri, mwenye udhuru akiacha tofali limshikie nafasi, na ukifika mbele ulichukua kilichopo, hata kama ni doti ya rangi usiyoipenda. Sabuni ilipoadimika, mama alifulia majani ya mpapai. Bei, hata hivyo, ilijulikana, maana Tume ya Bei ilikuwa ikizipanga tangu miaka ya 1970. Aliyetaka zaidi ya mgawo alimwendea mlanguzi kwa kificho, na kificho hicho kilizidi baada ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Ni mwaka 1984 ndipo wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na enzi ya Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, maduka yakajaa.

Katika duka hili lililojaa, bei haikubandikwa popote. Nilianziwa 18,000 kwa doti, nikashuka nayo hadi 14,000 na kujiona hodari, mpaka mama aliyesimama kando yangu alipolipa 12,500 kwa khanga ileile. Nilipoomba risiti niliambiwa mashine ina hitilafu, nami nikaandikiwa kikaratasi kisicho na jina la duka wala tarehe.

Nyumbani nililoweka zote kwenye maji ya chumvi. Tano zilitulia; ya sita, nyekundu, ilichuja hadi beseni likawa kama la rozela. Niliirudisha kesho yake, na kijana yuleyule akaninyooshea kidole ukutani, palipoandikwa kwa rangi ya mafuta kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ushirika nao haukupokea kitu kilichorudishwa, ila wao hawakuwa na cha kukubadilishia. Hapa nilikuwa nimezungukwa na mamia ya khanga.

Nitarudi, kwa sababu mzigo ni mzuri na uchaguzi ni mpana, lakini safari hiyo nitamtanguliza dada yangu, anayejua kupatana bei, na nyekundu hatutazigusa.