Msokoto wa Shilingi za Babu: Tuufungue au Tuuache?

Haya wadau, karibuni tena mezani kwangu. Leo sina simu, sina spika, wala ile blenda mnayonidai wiki ya pili sasa. Blenda itakuja. Leo nina hiki hapa, ngoja nisogeze kamera. Mnakiona? Msokoto. Na kabla hamjaanza kucheka: msokoto wa shilingi, sio ule mwingine.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza. Enzi hizo mkata mkonge alifanya kazi kwa kipande, ile kadi ya siku thelathini. Kila siku ukimaliza kazi unatiwa alama, kadi ikijaa ndio unalipwa. Baba anasema siku ya kuamkia malipo babu alikuwa anakaa sakafuni na taa ya chemli, anapanga shilingi na kuzisokota kwenye karatasi ya kaki. Huu mmoja ulibaki. Tumeukuta kwenye kasha la bibi, chini ya kanga ambazo hakuwahi kuzivaa. Umefungwa kwa uzi wa katani, mnauona ulivyokakamaa, na kwa penseli kumeandikwa "40/=". Hakuna tarehe wala jina.

Sasa nyumbani kumegawanyika. Baba mdogo amesikia mahali kwamba msokoto uliofungwa una bei kuliko uliofunguliwa, kwa hiyo asionekane mtu na mkasi. Mimi kidole kinaniwasha. Shangazi yeye nikimuuliza ananijibu neno moja tu: "Hebu ziacheni zipumzike."

Tuanze na hoja ya baba mdogo, maana si ya kijinga. Marekani kuna biashara kubwa kabisa ya misokoto ya senti za zamani, zile zenye masuke ya ngano zilizotengenezwa kuanzia 1909 hadi 1958. Muuzaji anaandika "haijakaguliwa", mnunuzi moyo unamdunda. Na ujanja mmoja unajulikana: sarafu adimu inawekwa kwenye ncha, ionekane kwa nje, ili wewe ujisemee kama ncha iko hivi, tumboni kuna nini? Tumboni kuna takataka. Neno "haijakaguliwa" nalinunua kwa kumwangalia anayelisema, basi. Msokoto wenye thamani ya kufungwa ni ule uliotoka benki na sarafu mpya tupu, mwaka mmoja, haujaguswa. Je, huu wetu ni wa namna hiyo?

Jibu lipo kwenye ncha, na hatujakata hata uzi.

Ncha ya kwanza, karatasi imekunjwa lakini imechakaa, inaonyesha. Hiki ni kichwa cha mfalme George wa sita, na maandishi ya pembeni, nasogeza... GEORGIVS VI REX ET IND:IMP. Hapo mwisho ni cheo cha Kaisari wa India. India imepata uhuru 1947, na shilingi za kuanzia 1948 hicho cheo hakipo tena, zimeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX, basi. Kwa hiyo hii ni ya 1946 au kabla. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo ya fedha ndani yake. Fedha madini, sio fedha hela, Kiswahili nacho kina mambo yake. Za 1948 kwenda mbele ni shaba na nikeli, fedha hakuna hata chembe.

Ncha ya pili. Hii karatasi imechanika, kuna pembe imetoka kabisa, sijui panya, sijui nini. Upande huu ni simba na milima nyuma yake, ile ambayo wazee wakiiona tu wanakuwa vijana. Na upande wa simba ndio wenye mwaka: 1952.

Mmeipata? Ncha moja 1946 au nyuma, nyingine 1952. Msokoto haukufungwa kabla ya 1952, hilo halina ubishi. Na ni mchanganyiko, shilingi zilizokwisha kutembea madukani na vilabuni ndipo zikarudi kwa karani. Sio msokoto wa benki. Hoja ya baba mdogo imekufa hapo, Mungu ailaze pema. Bei ya kufungwa inalipwa kwa kitu ambacho ukikifungua unakiharibu. Hizi zilishaharibika kwa kutumika, ambayo kusema kweli ndiyo kazi yake.

Malkia hamtamwona humu, nawaambia mapema. Elizabeth alitokea kwenye thumuni na kwenye senti ndogo, shilingi hakuwahi kuwekwa. 1952 ndiyo ya mwisho ya simba.

Sasa mzani. Huu ni mzani wa jikoni, wa kupimia unga, nimeununua Tanga mjini. Shilingi moja ya simba ikiwa mpya ina gramu 7.8 hivi. Arobaini ni gramu 312. Naweka... tulia... 305. Karatasi na uzi tutoe gramu tatu, inabaki 302. Gawa kwa 7.8, unapata thelathini na nane na ushee. Aha! Kwa hiyo ama ziko arobaini zimelika sana, ama ziko thelathini na tisa zimelika kidogo. Babu aliyeandika arobaini kwa mkono wake! Nilipomwambia baba, alikasirika kama nimemtukania mzee. "Babu yako hajawahi kupungukiwa hata senti ya tundu." Sawa, baba. Mzani ndio unaosema.

Na msidanganyike, mzani hausemi kitu kuhusu fedha. Shilingi yenye robo ya fedha na shilingi ya nikeli zina uzito uleule. Sumaku nayo haisaidii, haivuti hii wala ile. Mtu anayekuambia atajua ndani kuna nini kwa kutikisa sikioni, mwache atikise.

Tufanye hesabu ya tamaa, tuimalize. Tuseme zote thelathini na tisa ni za fedha, jambo ambalo tayari tunajua si kweli. Robo ya gramu 7.8 ni chini kidogo ya gramu mbili. Jumla gramu 76, haifiki wakia mbili na nusu. Ni hela, sikatai, lakini si ya kugombanisha ndugu. Kinachoweza kuzidi hapo ni miaka na herufi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sarafu zetu hazikutoka Uingereza peke yake. Ukiona kaherufi I, hiyo imetengenezwa Bombay. SA ni Pretoria. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham. Mkusanyaji anataka kila mwaka na kila herufi, na hali iwe nzuri. Hilo huwezi kulijua bila kufungua, na ukilifahamu huenda likawa na faida ndogo tu. Mimi lingenifurahisha hata bila faida.

Kuna jambo lililonisukuma kuliko yote, nalo ni hili doa. Angalieni hapa kwenye kaki. Kijani. Tanga hapa hewa ina chumvi na unyevunyevu, na karatasi inashika maji. Hiyo ni kutu ya shaba, na inapita kutoka sarafu moja kwenda jirani yake. Kila mwaka tunaokaa tukibishana, zinaliwa. Yaani kuuacha ulivyo sio kuutunza.

Kwa hiyo alama zangu. Kama uwekezaji, tatu kwa kumi. Kama kitu cha kuuza kikiwa kimefungwa, moja, na hiyo moja ni ya uzi wa katani. Kama kitu cha kufungua, tisa.

Nikifungua nitafanya hivi: kamera inarekodi bila kukatwa tangu uzi haujafunguliwa. Sikati uzi, nafungua fundo. Sarafu zinalazwa kwenye kitambaa cha pamba kwa mpangilio uleule, namba moja hadi ya mwisho. Kaki yenye mwandiko inawekwa peke yake kati ya karatasi safi, maana mwandiko wa babu upo mmoja na shilingi za simba zipo nyingi. Halafu kila sarafu kwenye kikasha kidogo cha plastiki ngumu. Ile mifuko laini ya plastiki inayonukia kama pazia la bafuni, kataeni, inatoa utelezi wa kijani. Na tafadhali, nawaomba kwa magoti: msizisugue. Si ndimu, si majivu, si ile dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba. Ukiisugua sarafu ikametameta, umeshaipunguzia bei hapohapo.

Lakini si yangu peke yangu. Ni ya mirathi, na warithi wako hai, wako wanne. Kwa hiyo juzi usiku nikawapigia mmoja mmoja. Baba, sawa. Baba mkubwa, sawa, ila atumiwe video. Baba mdogo nilimweleza habari ya ncha mbili na ile 1952, akanung'unika, akakubali.

Akabaki shangazi. Nikamweleza ncha, nikamweleza doa la kijani, kimya. Nikasema, "Shangazi, kuna jambo lingine, mzani unaonyesha kama ziko thelathini na tisa, na baba amekasirika kweli." Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu nikasikia anacheka, kile kicheko cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga.

"Mwambie baba yako asigombane na mzani," akasema. "Nilikuwa darasa la pili. Niliichomolea pale kwenye ncha, nikala kashata wiki nzima. Fungueni tu."