Nimejaribu vikokotoo vinne vya nafasi ya kudahiliwa Marekani: nyota mbili kati ya tano

Mtanzania akisikia neno kikokotoo, akili hukimbilia mafao ya wastaafu na ugomvi wake. Hiki ni kingine: tovuti unayoijazia matokeo, alama za SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, wenye alama hadi 1600) na shughuli za nje ya darasa, nayo inakurudishia asilimia ya nafasi yako Harvard, MIT au Amherst. Nimejaribu vitatu vya bure na kimoja cha kulipia kwa mwombaji mmoja wa mfano: Kidato cha Sita, PCM, Divisheni I ya pointi 4, SAT 1480, familia isiyomudu ada. Sivitaji majina kwa kuwa kasoro zao zinafanana.

Mambo huharibika kwenye kisanduku cha kwanza tu. Wanataka GPA (wastani wa madaraja) ya kipimo cha 4 au wastani wa asilimia. Usijaze asilimia. A ya NECTA huanzia 75 kwa Kidato cha Nne na 80 kwa Kidato cha Sita, ilhali shule nyingi za Marekani huita 75 kuwa C, kwa hiyo mwanafunzi bora wa mkoa mzima anasomeka kama wa kawaida. Jaza herufi moja moja ikiwezekana. Wakenya wana nafuu: pointi za KCSE ukizigawa kwa 3 zinakaa vizuri, B+ ya pointi 10 inatoa 3.3 ileile ya Marekani. Ila hesabu hiyo bado haisemi kwamba A ya KCSE hupatikana kwa nadra kuliko A ya sekondari ya kule, na kikokotoo hakina pa kuliandika hilo.

Baada ya hapo nikawa nabadilisha kitu kimoja kimoja na kuacha vingine palepale. Ndiyo njia ya haraka ya kujua chombo kinapima nini. SAT nikaipandisha hadi 1540: vyote vinne vikachangamka. Uraia nikautoa Marekani nikaupeleka Tanzania: viwili havikusogea, kimoja hakina hata sehemu ya kuujaza. Hitaji la ufadhili: hakuna kilichotikisika. Hapo ndipo nilipovikata nyota tatu nzima, kwa sababu kwa mwombaji wa kwetu hayo mawili ndiyo yenye uzito. MIT huchapisha takwimu zake za udahili, na kwa miaka ya karibuni wanaodahiliwa kwa jumla ni kati ya 4 na 5 kwa kila waombaji 100, huku wa nje ya Marekani wakiwa takribani 2. Na hicho ni chuo kisichoangalia mfuko wa mwombaji wa nje, sawa na Harvard, Yale, Princeton, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Vingi vya vilivyobaki huuangalia, hata kwa mwanafunzi wanayemtaka.

Kipimo kingine cha dakika moja: weka University of California, Berkeley, kisha ongeza SAT. Mfumo wa University of California hautazami SAT kabisa katika udahili. Asilimia ikipanda, funga ukurasa. Viwili kati ya vinne vilipanda, cha kulipia kikiwemo. Ukikuta pia kinakuongezea asilimia kwa kuchagua rangi yako, jua hakijaguswa tangu kabla ya Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili.

Ninachokifanya sasa ni kutumia kikokotoo kuchuja orodha ndefu, halafu kila chuo kilichobaki nakihesabu kwa mkono kutoka Common Data Set yake, yaani fomu ya takwimu za chuo yenye sehemu zilezile kwa kila chuo. Andika jina hilo pamoja na la chuo kwenye mtandao. Vyuo vingi huiweka wazi kila mwaka kama faili la PDF. Nenda sehemu ya C1 upate waombaji na waliodahiliwa. Kwenye matoleo ya karibuni wa nje huwa na safu yao. C7 inaonyesha chuo kinathamini nini, na hapo utakuta vingine vinapima hata nia uliyoonyesha ya kujiunga nacho. C9 ina SAT, lakini anza kusoma ni asilimia ngapi ya wanafunzi waliowasilisha alama. Wakiwa 40 kwa 100, masafa unayoyaona ni ya wale waliojivunia alama zao, na yako juu kuliko hali halisi ya darasa.

H6 ndiyo roho ya jambo. Ina idadi ya wanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza waliopewa fedha na chuo, na wastani wa kila mmoja. Gawa idadi kwa 4 upate makadirio ya nafasi za ufadhili kwa mwaka: wakiwa 120, ni kama 30, na hizo zinagombewa na dunia nzima. Kisha linganisha wastani na gharama za sehemu ya G. Wastani wa dola 20,000 mahali panapogharimu 85,000 ni punguzo la bei, na aliyeshindwa kulipa 65,000 zilizobaki ni sawa na aliyekataliwa.

Kitu kingine ambacho vikokotoo huchochea kimyakimya ni tamaa ya kuomba vyuo kumi vyenye 10 kwa 100 kila kimoja. Kwa hesabu ya darasani, nafasi ya kupata angalau kimoja ni 65 kwa 100. Hesabu hiyo inadhani maamuzi hayahusiani, wakati insha ni ileile, barua za walimu ni zilezile, hitaji la fedha ni lilelile. Kilichokukwamisha cha kwanza kinaweza kukukwamisha hadi cha kumi. Mimi chochote kilicho chini ya 20 nakiita cha bahati, hata kikokotoo kikiniandikia 17.4 na desimali yake ya mapambo. Orodha ya vyuo kumi naijaza visivyozidi vinne vya aina hiyo.

Cha kulipia hakikunipa kitu ambacho vya bure havina, zaidi ya michoro. Muulize mwuzaji swali moja kabla ya kutoa kadi: kati ya wanafunzi mliowaambia nafasi yao ni 30 kwa 100, wangapi walidahiliwa kweli? Wakipatikana kama watatu katika kila kumi, chombo kinajua kazi yake. Niliuliza, nikajibiwa kwa kipeperushi. Na kwa vya bure, fungua barua pepe ya pembeni kabla ya kujisajili, maana matangazo ya vyuo na mawakala yaliyonifuata wiki ile yalikuwa mengi kuliko vyuo nilivyovijaza.