Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam: nilifuata kijitabu cha bibi

Bibi yangu wa Magu alijua kusoma akiwa na watoto wanne. Alifundishwa kwenye kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, miaka ya 1970, wakati Kanda ya Ziwa vitabu vya kisomo vilikuwa vinafundisha herufi na kilimo cha pamba kwa pamoja. Chake kililiwa na mchwa. Nikajiambia, kama kipo popote, kitakuwa Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Sababu ya kuamini hivyo ni sheria: kila anayechapisha kitabu nchini anatakiwa kuwasilisha nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Bodi hiyo ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 1963, na jengo hili Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967, Tanganyika ikitimiza miaka sita ya Uhuru, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Fikiria nchi changa, shida kila upande, na bado wakajenga maktaba katikati ya jiji. Naliheshimu sana hilo.

Ni jengo la zege, la enzi ambazo msanifu hakuwa na kiyoyozi cha kumwokoa. Jua la Dar alipaswa kulimaliza kwenye michoro. Niliingia saa saba mchana shati limenigandama mgongoni. Nilivyokaa kidogo nikasahau joto.

Shuleni kwetu vitabu vilikuwa kwenye kabati lenye kufuli, tukiviona kupitia kioo. Hapa unapita katikati ya rafu, unachomoa kitabu mwenyewe, unakaa. Jambo hilo bado linanifurahisha kama mtoto.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unatafuta cha mwaka gani?”

Sikujua mwaka. Nilijua pamba tu. Yule mama wa maktaba hakuchoka. Aliuliza mkoa, akauliza bibi alisoma hatua ya ngapi, akaniambia nisubiri. Alirudi na vijitabu vichache vyembamba, karatasi zimekuwa rangi ya chai, pini zimeshika kutu na kuacha alama mbili kwenye kila ukurasa wa kati. Nilivifunua kwa ncha za vidole.

Kimoja kilikuwa na pamba. Nikanakili sentensi ya kwanza kwa penseli, nikatoka nje nikampigia bibi. Nilisoma maneno mawili. Yaliyobaki akayamalizia yeye.