IWitness: unamuuliza maswali mzee aliyetoka hai Majdanek

Wadau wa historia kama hamjaingia IWitness ingieni, ni tovuti ya USC Shoah Foundation ya kule Los Angeles na ni bure, ina shuhuda nyingi sana za video za Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi ila kilichonikamata mimi ni huyu mzee Pinchas Gutter, maana yeye unamuuliza mwenyewe, unaandika swali au unaongea kwenye maiki afu anakujibu akiwa amekaa kwenye kiti anakutazama.

Na hapa nisisitize maana siku hizi watu wanadhani kila kitu AI inatunga. Hapana. Walimkalisha mbele ya makamera wakamuuliza maswali zaidi ya 1,000, kazi ya kompyuta ni kutafuta tu jibu linaloendana na ulichouliza. Kila neno ni la kwake, na kwa habari nzito hivi mi nisingekubali iwe vinginevyo.

Kazaliwa 1932 Łódź, Poland. Familia ikaishia geto la Warsaw, yaani mtaa ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, 1943 wakapelekwa Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi hukohuko Poland, na siku hiyohiyo waliyofika baba, mama na dada yake Sabina wakauawa. Sabina ni pacha wake. Sura yake mzee haikumbuki kabisa, kilichobaki kichwani ni msuko wake wa nywele rangi ya dhahabu, basi. Jamani, mtu mliyelala naye tumbo moja!

Wengi wataishia kuuliza ya makambini, mi nashauri muulize sana ya baada ya vita. Alikombolewa kwenye kambi nyingine ya Wanazi, Theresienstadt, Mei 1945 akiwa mtoto yatima, akapelekwa Uingereza, baadaye kaishi Ufaransa, Israel, mpaka huku kwetu Afrika Kusini kabla ya kuhamia Kanada, akaoa, akapata watoto, akawa anaongoza nyimbo za ibada kwenye sinagogi. Muulize kuhusu kusamehe, muulize kama bado anaamini Mungu. Mwombe akuimbie wimbo wa utotoni, anaimba kweli.

Majibu ni ya Kiingereza na swali liwe fupi, ukiuliza kitu ambacho hakuwahi kuulizwa anakuomba uulize kingine. Ni video kwahiyo bando liwe la kutosha. Walimu wenye projekta, waacheni wanafunzi waandae maswali yao wenyewe, msiwatungie, watoto wanauliza vitu ambavyo sisi wakubwa tunaona aibu kuuliza na mzee anavijibu bila kukwepa.