Bafa nzito au tundu dogo la gesi: nini cha kununua kwanza kwa AR-15 ya mtutu mfupi

Mwenye AR-15 ya mtutu mfupi akiona maganda yanaruka mbele na bega linapigwa teke kuliko alivyotarajia, hukimbilia kununua bafa nzito, kile kizito cha ndani ya bomba la kitako kinachopokea boliti inaporudi nyuma. Nami nilifanya hivyo. Nilianza na daraja la uzito la H, nikapanda H2, nikafika H3, nzito kuliko zote, na bunduki ikatulia kabisa nilipotumia risasi kali. Siku nilipoijaza risasi dhaifu za mazoezi ikaanza kukwama: ganda limebanwa mlangoni, boliti, kile kipande kinachofunga chumba cha risasi, imeishia katikati ya safari. Nikaja kugundua kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye tundu la gesi, ambalo aliyeniuzia mtutu hakuwahi kunitajia kipenyo chake. Ndiyo maana katika orodha hii ya vitu vya kununua bafa si ya kwanza.

Kwenye mfumo alioubuni Eugene Stoner miaka ya 1950, risasi ikishapita tundu lililo juu ya mtutu, gesi hupanda tunduni, hurudi nyuma kwa bomba jembamba na kukisukuma kibeba boliti. Msukumo unadumu tu wakati risasi ingali ndani ya mtutu; ikitoka mdomoni, shinikizo linaanguka. Mtutu wa M4, bunduki ya jeshi la Marekani, wenye inchi 14.5, unabakiza karibu inchi 7 mbele ya tundu. Ule wa Mk18, ndugu yake mfupi, wenye inchi 10.3 na bomba la urefu uleule, unabakiza chini ya inchi 3. Muda wa kufanya kazi umekatwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tundu lazima lipanuliwe: la M4 ni kama inchi 0.062, la Mk18 ni 0.070. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Gesi inapata njia pana zaidi kwa robo nzima.

Hapo ndipo wauzaji wengi wa mitutu wanapozidisha. Tundu kubwa mno huendesha hata risasi hafifu kuliko zote, bunduki haikwami dukani, na mteja harudishi bidhaa. Gharama anailipa baadaye kwa teke kali, moshi usoni, kingo za maganda kuchanika na boliti kuchoka kabla ya wakati wake. Tena tundu halipungui. Moto wa risasi hulila kingo na kulipanua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo namba moja ni mtutu wenyewe, kutoka kwa mtengenezaji anayetaja kipenyo cha tundu kabla hujalipa. Asipotaja, muulize, akikwepa, ondoka. Kama hulazimiki kwenda fupi kupita kiasi, chukua inchi 11.5 badala ya 10.3. Inchi moja na kitu inayoongezeka iko yote mbele ya tundu, na hakuna kifaa kingine kinachokupa utulivu kwa urahisi namna hiyo. Kwa aliyeko Marekani, kumbuka kwamba bunduki ya begani yenye mtutu chini ya inchi 16 iko chini ya sheria ya mwaka 1934: kibali cha ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, kinatangulia, kuunganisha kunafuata. Kodi ya dola 200 imeondolewa kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili umebaki, na baadhi ya majimbo yanazikataza kabisa.

Namba mbili ni bafa ya H2. Bafa ya kawaida ina uzito wa aunsi 3, yaani gramu 85, na ndani yake mna vipande vitatu vya chuma. Kwenye H kipande kimoja kimebadilishwa kwa tangsteni, kwenye H2 viwili, kwenye H3 vyote vitatu, hadi kufikia aunsi 5.4 hivi. Vipande hivyo huteleza ndani ya mwili wa bafa, na hilo si kosa la kiwandani: huwasili kwa kuchelewa kidogo na kuzuia boliti isidunde inapofunga. Kwa mtutu mfupi wenye tundu la kiasi, H2 pamoja na springi mpya ndiyo ningeanza nayo bila kusita. Faida nyingine ni kwamba bafa hizi hufunguka kwa kutoa pini moja, kwa hiyo ukiwa na H2 na vipande viwili vya akiba unaweza kupanda au kushuka daraja bila kununua bafa nyingine. Lakini bafa haipunguzi gesi hata chembe. Inachelewesha boliti kufunguka na kuipunguzia kasi, basi. Moshi na masizi vinaingia vilevile.

Namba tatu ni bloku ya gesi inayorekebishika, yaani kipande kinachokaa juu ya tundu na kukuwezesha kupunguza gesi inayopita, na hapa ndipo pesa ya mwenye mtutu uliokwisha kutobolewa vibaya inapopaswa kwenda. Kwa anayetumia kizuia sauti ningeipandisha iwe namba mbili, kwa sababu kizuia sauti hushikilia shinikizo kwa muda mrefu zaidi na tundu lililokuwa sawa jana linakuwa kubwa leo. Nunua yenye hatua za kubofya, maana skrubu iliyoachwa huru hulegea kwa mtikisiko au hugandishwa na masizi isigeuke tena. Pima pia unene wa mtutu pale bloku inapokaa. Inchi 0.750 ndiyo ya kawaida, lakini mitutu myembamba huwa na 0.625. Na ujue kwamba bloku hupunguza tu. Tundu dogo mno haiwezi kulikuza. Ukishaipata hatua inayoendesha risasi yako dhaifu kuliko zote, fungua hatua moja zaidi kwa ajili ya baridi na uchafu.

Namba nne ni mfumo wa A5 wa VLTOR, wenye bomba refu zaidi kitakoni, springi ya bunduki ndefu na bafa ya aunsi 5.3. Kwa ulaini wa mwendo naupenda kuliko yote niliyoyataja. Umeshuka hadi hapa kwa sababu unakulazimu kubadilisha bomba, springi na bafa kwa pamoja.

H3 ni ya tano, nayo ni kwa mwenye kizuia sauti kisichovuliwa na risasi za nguvu kamili. Springi zilizofungwa pamoja na bafa yake zije mwisho: zinaondoa ule mlio wa kukwaruza sikioni, ila kwa bei hiyo ningenunua risasi. Kuchukua keekee na kupanua tundu mwenyewe sikuweki popote kwenye orodha.

Kabla ya kununua chochote, soma maganda. Yakiruka mbele, gesi imezidi au bafa ni nyepesi. Yakitoka ubavuni au nyuma kidogo, uko vizuri. Yakidondoka karibu na kisigino, gesi haitoshi. Kisha weka risasi moja tu kwenye magazini, fyatua, utazame kama boliti imeshikwa nyuma. Rudia mara tano kwa kila aina ya risasi unayotumia, ukiishika bunduki kwa kulegea kidogo begani. Ikishindwa hata mara moja, punguza uzito wa bafa daraja moja kabla hujagusa kitu kingine.