Darasa la fedha la wadada wasioolewa, Jumamosi 6 Sinza: nililipa elfu 40 na haya ndo niliyoyakuta

Nimemaliza wiki iliyopita, naandika daftari likiwa bado hapa mezani kabla sijaanza kusahau. Ni darasa la fedha kwa mtazamo wa Biblia, la wanawake ambao hawajaolewa, linafanyika kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa moja huku Sinza, Jumamosi 6 mfululizo, saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Ada 40,000 kwa zote, ndani yake kuna daftari, chai na vitumbua. Sio lazima uwe msharika wa pale, mi mwenyewe nasali kwingine. Tulikuwa kama 30 hivi, wengine wameajiriwa, wengine mama lishe, wengine wanauza nguo Kariakoo, kuna wawili watatu wana watoto na wanalea wenyewe.

Niseme kwanza kwa nini nilienda maana ndo inaeleza kwa nini limenigusa. Nina miaka 33, niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mshahara sio mkubwa ila unakuja kila mwezi, na kwa miaka 9 niliyofanya kazi hela yangu ilikuwa hela ya kusubiri. Kiwanja ntanunua nikiolewa, tutanunua wawili. Biashara ntafungua nikijua naishi wapi, maana labda mwenzangu atakuwa Mwanza. Na ile kauli ya mama kwamba ukishajenga mwenyewe wanaume watakuogopa, hiyo nimeisikia tangu niko chuo. Sa unakuta mwaka unaisha, una vitenge vya harusi za watu 11 kabatini na akaunti ina laki 2. Sijui niko peke yangu, ila pale ukumbini mwalimu alivyouliza nani hela yake inasubiri mtu, mikono ilinyooshwa mingi mno, na dada mmoja mbele akaanza kulia kabla hata somo halijaanza.

Mwalimu ni mama mstaafu wa benki, wote wanamwita Anti, hajawahi kuolewa na anasema hivyo waziwazi bila kujieleza. Huyo mama peke yake anatosha ile 40,000. Hafundishi kwa kupiga kelele, anakaa kwenye kiti, Biblia na kikokotoo mkononi.

Jumamosi ya kwanza alifundisha mfano wa talanta, Mathayo 25, ambao nimeusikia mahubiri yake labda mara 50 na kila mara naambiwa talanta ni kipaji cha kuimba. Anti akasema hapana, tuanze na hesabu. Talanta ilikuwa uzito wa fedha, thamani yake kama dinari 6,000, na dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, nenda Mathayo 20 utaikuta. Akatuuliza kibarua wa ujenzi hapa Dar analipwa ngapi, tukakubaliana tuseme 10,000 kwa siku. Haya zidisha. Milioni 60! Yaani yule mtumwa wa mwisho ambaye siku zote nilikuwa namuonea huruma kwamba kapewa kidogo, alipewa kama milioni 60 za leo, kazi ya karibu miaka 20, akaenda kuchimba shimo. Na bwana wake hakumwambia ungefanya maajabu, alimwambia angalau ungewapa watoao riba nikapata changu na faida. Anti akafunga Biblia akasema, mahesabu ya mishahara yenu mnayo, kila mtu akapige jumla ya hela iliyopita mkononi mwake tangu aanze kazi, Jumamosi mje nayo. Nilipiga. Sikulala vizuri usiku ule, kwakweli, maana ilifika milioni 70 na kitu.

Somo ambalo sitalisahau lakini ni la wale mabinti wa Selofehadi, Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Mimi nimekulia Sunday school na sikuwahi kufundishwa hawa watu. Baba yao kafa jangwani, hana mtoto wa kiume, wao hawajaolewa, na ardhi inataka kugawiwa kwa majina ya wanaume. Wakaenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakasema tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Musa akapeleka kwa Bwana na jibu likaja kwamba wanachosema mabinti hawa ni haki, wape. Sio wape wakiolewa, wape sasa! Kuna dada akauliza mbona sura ya 36 wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao, na nilimpenda Anti hapo kwa sababu hakuruka, alisoma sura yote, akaeleza ilikuwa ni ili ardhi isihame kabila, akasema sharti lipo na halijafuta umiliki wao. Halafu akatupeleka Yoshua 17, ambako Musa ameshakufa, nchi inagawiwa, na wale mabinti inabidi waende TENA kwa Yoshua na kuhani kukumbusha kwamba Bwana aliagiza tupewe. Hapo akasema hii ndo inaitwa kufuatilia hati. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Akaongezea kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume kupata na kumiliki ardhi, ina maana leo huna hata haja ya kwenda kwa Musa, una haja ya kitambulisho, hela na subira ya ofisi za ardhi.

Kutoka hapo akaingia kwa yule mwanamke wa Mithali 31, "huangalia shamba, akalinunua". Anti anasema watu wanaruka neno la kwanza. Huangalia. Hajatumiwa picha kwenye simu na dalali. Kwa hiyo ukitaka kiwanja nenda mwenyewe, nenda masika, kwa sababu kiangazi kila kiwanja cha Dar ni kizuri, nenda siku ya mvua uone maji yanapita wapi, ongea na majirani bila dalali kuwepo, pita serikali ya mtaa uulize huyo muuzaji wanamjua, kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone kwenye mchoro eneo limepimwa kama makazi au ni hifadhi ya barabara, ndo uje kwenye mkataba na mashahidi. Hii sehemu ilichukua saa nzima na watu walitoa ushuhuda wa kutapeliwa ambao unaumiza, kuna mtu kiwanja chake kiliuzwa kwa watu watatu.

Uwekezaji mwingine aliupitia kwa kituo chake pia. Vipande vya UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwamba Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa hela ambayo unaweza kuihitaji karibuni, kwamba kipande kinaweza kupanda na kinaweza kushuka kwa hiyo hela ya kodi ya nyumba ya mwezi ujao usiitumie kujaribia. Hatifungani za serikali za Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali, kuna za miaka 2 mpaka 25, riba unalipwa kila baada ya miezi 6, unaanzia milioni 1. Hisa za pale DSE, soko la hisa la Dar, kidogo tu. Andiko lake hapo lilikuwa Mhubiri 11:2, gawanya sehemu saba hata nane kwa sababu hujui baa gani litakuja juu ya nchi, na akasisitiza kwamba huyo aliyeandika alisema HUJUI, kwa hiyo yeyote anayekuja kukwambia yeye anajua, faida ya uhakika, asilimia 30 kwa mwezi, ameshapingana na Biblia kabla hajapingana na Benki Kuu. Akatukumbusha DECI, ule upatu wa kupanda hela uliomeza pesa za watu wengi. Walioiongoza walikuwa wachungaji, lugha ilikuwa kupanda na kuvuna, serikali ikaisimamisha 2009 na viongozi wakaja kutiwa hatiani 2013. Wadogo hawaijui hiyo, walikaa kimya kabisa. Kila baada ya miaka michache inarudi na jina lingine kwenye simu, na wapendwa ndo wanaingizana.

Somo la madeni lilinikuta mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilimdhamini mwenzangu tunayesali naye kwa mkopo wa ofisi moja ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, laki 3 arudishe laki 3 na 90 ndani ya siku 30, akahama mji, nikalipa mimi mpaka faini. Nilikuwa nimejiambia nilifanya upendo. Anti akasoma Mithali 6 mstari wa 1 mpaka wa 5, ukishamdhamini jirani yako umenaswa kwa maneno ya kinywa chako, nenda ukamsihi, usilale, jiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Akapiga hesabu ubaoni, asilimia 30 kwa mwezi ni 360 kwa mwaka. Akasema unaweza kumpenda mtu ukampa elfu 50 yako ukasamehe, hiyo ni sadaka, lakini sahihi yako sio sadaka. Hiyo sentensi nimeiandika nyuma ya mlango wa chumba changu.

Sasa mapungufu, na nayasema kwa sababu nalipenda darasa na nataka libaki.

Mpango wa bajeti waliotugawia umetengenezwa kwa mtu wa mshahara. Zaka hapa, akiba hapa, matumizi hapa, yote kwa mwezi. Mama lishe niliyekaa naye anapata hela kila siku na kuna siku za mvua hapati kabisa, aliuliza afanyeje, akaambiwa akadirie. Hiyo haitoshi. Mwishoni tulikaa naye tukatengeneza wake wa siku, makopo matatu na lipa namba ya pembeni, akatuonyesha wiki ya tano unavyofanya kazi. Wangempa hata dakika 20 mbele afundishe.

Hela ya kutuma nyumbani waliipitisha haraka mno. Dada ambaye hajaolewa ndo benki ya ukoo, wote mnajua, ada ya mdogo wako, dawa za bibi, bati la mjomba, na hoja siku zote ni kwamba wewe huna majukumu. Walisoma 1 Timotheo 5:8 kwamba asiyewatunza wa kwake ameikana imani, wakasonga mbele. Jamani! Tulihitaji mtu atuambie unakataaje kwa heshima, unamwambiaje baba mdogo kwamba mwezi huu hapana. Vivyo hivyo michango ya harusi na kitchen party. Naomba sana walifikirie hilo kwa awamu ijayo.

Wenye watoto hawakuwa na pa kuwaweka, dada mmoja aliacha kuja wiki ya tatu kwa sababu hiyo tu. Chumba cha Sunday school kipo pale pale, kimefungwa.

Na Jumamosi ya mwisho. Anti hakuwepo, tulitegemea kuonyeshana mipango yetu ya mwaka mmoja, tuliiandaa wiki nzima. Akaja mtumishi mwingine na karibu muda wote ukawa maombi ya kufunguliwa milango ya ndoa. Sikukasirika kuombewa, mi nataka kuolewa na namwomba Mungu kila siku, lakini nilikaa pale na karatasi yangu mkononi nikaona tumerudishwa kule kule kwenye kusubiri. Wiki 5 nimeambiwa nilichonacho Mungu amenipa sasa na ataniuliza mimi, ya 6 naambiwa maisha yataanza. Lidia wa Matendo 16 anauza rangi ya zambarau, ana nyumba ya kumkaribisha Paulo na wenzake, na Biblia haijataja mume wake popote. Tulimsoma huyo wiki ya nne! Nilimpigia Anti jioni nikamwambia, akasema amesikia, tutaonyeshana mipango nyumbani kwake. Na tumeenda, tulikuwa 19.

Nyota 4 kati ya 5. Kama una uwezo wa kwenda Jumamosi 5 tu usikose ya talanta na ya mabinti wa Selofehadi. Daladala za Shekilango zinakushusha karibu, nenda saa 3 kasoro maana viti vya mbele vinaisha na kipaza sauti ni kibovu. Beba kalamu yako.

Mi nimefungua akaunti ya vipande, elfu 50 kila tarehe 28 kabla sijagusa kitu kingine. Na kuna kiwanja Chanika tunakiangalia na dada niliyekutana naye pale, kila mtu na kipande chake na jina lake. Dalali anatusumbua twende wiki ijayo mvua ikikata. Tumemwambia tunakuja kesho, na mabuti.