Miezi sita na darktable, chini ya jicho la shangazi

Picha ya kwanza niliyojivunia ilikuwa ya mdogo wangu akisoma kitabu dirishani. Kamera ilihifadhi JPEG, yaani picha iliyokwisha kuchakatwa, na faili ghafi, yaani data ya kamera kabla ya kuchakatwa, nami nikaihariri ile JPEG kwenye simu: nikakoleza rangi, nikainoa mpaka nyusi zikawa kama miiba, nikatia giza pembeni. Kila niliyemwonyesha alisema "nzuri sana". Shangazi, ambaye enzi za filamu alisafisha na kuchapisha picha kwa mikono yake, aliitazama kimya kisha akauliza: "Mwanangu, ulitaka nitazame nini hapa?"

Nilitaka atazame uso. Jicho lake lilikuwa limekimbilia pazia, kwa kuwa ndilo lililong'aa kuliko vyote.

Ndipo nikaanza kutumia darktable. Ni programu ya bure, ya msimbo huria, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2009, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Imetengenezwa hasa kwa ajili ya faili ghafi, na hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina 16,384. Nilipoinua kivuli usoni kwenye JPEG nilipata mabaka. Kwenye faili ghafi, hata kovu dogo alilo nalo chini ya jicho lilionekana vizuri.

Wiki za mwanzo zilinichosha, sitaficha. Moduli, yaani zana za kuhariri, ni nyingi na majina yake ni ya kitaalamu. Anayeanza namshauri aziache nyingi zilivyo, ajifunze kwanza mwangaza, uwiano wa weupe (kurekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe), kukata kingo, na barakoa, yaani kuchora eneo ili badiliko liguse hapo tu. Barakoa ndizo zilizomvutia shangazi. Alinieleza kwamba wao, wakichapisha, walikuwa wakiupitisha mkono au kipande cha kadibodi kati ya taa na karatasi: palipozuiwa mwanga pakabaki peupe zaidi, palipoongezwa pakakoza. Nikamchorea barakoa juu ya pazia, nikapunguza mwangaza kwa EV 1, kipimo cha mwangaza ambacho kila kikishuka kwa moja mwanga hubaki nusu. Akacheka kwa furaha. Kumbe hata sehemu ya kuhariria humo imepewa jina la chumba cha giza, kama kile walichochapishia picha!

Lakini sababu hasa ya kuisifu ni nyingine. Darktable haigusi picha ya asili. Hatua zote huandikwa kwenye kifaili kidogo cha XMP kinachokaa kando yake. Nikimtumia shangazi vyote viwili, anafungua kwenye kompyuta yake na kuzipitia hatua zangu moja baada ya nyingine (hakikisheni matoleo yenu yanafanana, maana la zamani huenda lisisome hatua za toleo jipya). Tangu hapo maoni yake yamekuwa ya kushikika. Haniambii tena "rangi zimezidi", ananiambia, "Hatua ya saba ndipo ngozi ilipogeuka chungwa." Narudi hatua ya sita, naanza upya kutoka hapo, na yale mazuri yaliyotangulia hayapotei.

Tumewahi pia kutofautiana. Alitaka niukate mkono unaofunua ukurasa, akiona unashindana na uso. Nilimweleza kwamba mdogo wangu husoma kwa vidole, anafuata mstari. Akanyamaza kidogo, akasema basi mkono ubaki, ila nipunguze mwanga wa mkono wa shati. Alikuwa sahihi.

Jambo moja lilinigharimu karatasi nyingi: skrini yangu ilikuwa inang'aa mno, kwa hiyo kila nilichochapisha kilitoka na giza mno. Siku hizi napunguza mwanga wa skrini kabla ya kuanza, na natazama grafu ya mwanga badala ya kuyaamini macho peke yake. Ikiwa vilima vyote vimesongamana kushoto, upande wa giza, picha ni nyeusi, hata kama skrini inanionyesha vingine.

Juzi nilimpelekea shangazi picha ileile ya dirishani, imechapishwa upya. Pazia limetulia, ngozi imerudi kuwa ngozi. Aliishika kwa muda mrefu, akasogeza kidole chake polepole kutoka machoni hadi kwenye ukurasa.

"Anasoma nini?" akaniuliza.